Kuku Wanne Katika Tenga

Ninyi mnaofuga kuku wawili watatu nyuma ya nyumba, na ninyi mnaokula mayai bila kujua yametoka banda gani, sogeeni karibu, kisa hiki ni chetu sote. Kilimpata mwanamke mmoja wa mtaa wenye nyumba zilizobanana kama hizi zetu. Nawaambia mapema kwamba hakuwa mtu wa roho mbaya. Tukifika katikati mtataka kumchukia, na mkimchukia haraka hamtajiona ninyi wenyewe ndani yake.

Alijulikana kama Mama Povu. Jina hilo lilimganda tangu enzi alipokuwa dobi, akifulia nusu ya mtaa, mikono imezama kwenye karai toka asubuhi mpaka jua linaanza kuegemea. Baadaye mikono ikamkataa. Ngozi ya vidole ilipasuka, sabuni ikiingia kwenye zile nyufa anauma meno, na daktari wa zahanati akamwambia achague kati ya sabuni na vidole. Akaacha kufua. Majirani walipomwambia ajikaze kisabuni, aliwajibu kwamba sabuni yenyewe ndiyo iliyomtoa machozi.

Aliyemwinua alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Wifi aliishi peke yake, nyumba ya sita kutoka pale, mguu mmoja umedhoofika tangu utotoni, anatembea na fimbo. Ndiye aliyemlea mume wa Mama Povu baada ya wazazi wao kufariki, na miaka yote hiyo alijiendesha kwa kuuza mayai. Siku aliyosikia habari ya mikono, alikuja akichechemea na mitetea wawili kwapani.

"Wifi," alimwambia, "mikono imekataa sabuni, haijakataa kuokota mayai."

Miaka minne ikapita. Ungechungulia ua wa Mama Povu asubuhi, ungekuta kuku ishirini na watatu wamemzunguka miguuni, kila mmoja na tabia yake. Kulikuwa na Bibi Harusi, mweupe pepepe, asiyependa kukanyaga matope. Kulikuwa na Mkaguzi, tetea wa kijivu ambaye hakuna ndoo, kiatu wala sufuria iliyopita asiitie kichwa kuona kuna nini. Banda lenyewe alilijenga mumewe, seremala, kwa mabaki ya mbao za kazini, bawaba za mlango kazikata kwenye tairi kuukuu. Mwenye mgahawa wa kona alichukua trei za mayai kila Jumatatu na Alhamisi. Mumewe alikuwa kwenye ujenzi mji mwingine, anarudi Jumamosi moja moja, na kila akirudi anakuta chakula mezani. Ulikuwa utulivu ambao mtu anauzoea mpaka anasahau kwamba kuna kitu kinaushikilia.

Basi siku moja mtaani akapita bwana mifugo. Alikuwa kijana mpole mwenye kisanduku cha barafu begani, na ndani yake kichupa kidogo cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Alieleza kwamba ni tone moja tu kwenye jicho la kila kuku, basi. Lakini kichupa kikishafunguliwa lazima kiishe siku hiyo hiyo, kwa hiyo alitaka nyumba nyingi zikubali pamoja.

Mama Povu alimsikiliza akiwa amejifunga khanga kiunoni, mkono mlangoni. "Bwana mifugo, kuku wangu wana afya kunishinda mimi," alimjibu. "Watafute walio wagonjwa uwatibu."

"Mama, chanjo si ya wagonjwa. Mgonjwa wa kideri hana dawa. Tunawawahi wakiwa wazima."

"Wakiwa wazima niwatie vidole machoni?" Akacheka, na majirani wawili waliokuwa karibu wakacheka naye. Alikuwa amesikia mahali, hata hakumbuki ni wapi, kwamba kuku akitiwa matone yale anaacha kutaga.

Wifi yake alikuwa tayari kukubali. Alishaanza hata kuwakamata wake na kuwafungia bandani ili iwe rahisi. Mama Povu akamwendea. "Wifi, usijitie hasara. Watagoma kutaga, utakula nini?" Na wifi, ambaye alimwamini huyu mke wa mdogo wake kuliko alivyomwamini mtu wa ofisi, akawafungulia kuku wake wakatoka. Bwana mifugo alichanja nyumba tatu tu za mwisho wa mtaa, karibu na barabara kubwa, akaenda zake.

Wiki chache baadaye, jogoo wa Mama Povu akazeeka hata kuwika akawa anawika kwa kukohoa. Mama Povu akaenda sokoni, akamwona jogoo mwekundu, kifua mbele, upanga kichwani umesimama kama umechongwa. Alikuwa wa bei ya kutupa, na yeye hakujiuliza kwa nini. Akambeba, akamtia bandani mchana ule ule pamoja na wengine.

Siku ya nne jogoo alisimama pembeni peke yake, manyoya ameyatimua, macho yamefumba nusu. Mama Povu alidhani ugeni. Siku ya tano alianza kupiga chafya na kupumua mdomo wazi, na kinyesi chake kikawa cha maji, kijani kibichi. Siku ya sita alikuwa amelala chali nyuma ya debe la maji, miguu juu.

Mkaguzi ndiye aliyefuata. Mama Povu aliamka, akaweka ndoo chini, na hakuna kichwa kilichoingia ndani yake. Akamtafuta, akamkuta kajikunyata kwenye kona ya banda, bawa moja linaburuzika chini. Akampakata. Alikuwa mwepesi ajabu, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa haraka, kila pumzi inatoka na mkoromo mdogo. Hakufika adhuhuri.

Roho ikampaa Mama Povu. Alijua. Maneno ya bwana mifugo yalimrudia yote, hata sauti yake. Na hapa, ndugu zangu, ndipo palikuwa na njia nyeupe ya kwenda: zahanati ya mifugo ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Angetoka siku ile, kisa kingeishia bandani kwake. Lakini alijiwazia akisimama mbele ya yule kijana ambaye yeye mwenyewe alimcheka mbele za watu. Akamwaza mwenye mgahawa, akisikia tu neno ugonjwa atatafuta mayai kwingine. Akamwaza mumewe, na zaidi ya wote akamwaza wifi yake, aliyewafungulia kuku wake kwa ushauri wake. Akafunga mlango wa ua kwa komeo, akajiambia atayamaliza mwenyewe kimyakimya.

Aliponda mshubiri akatia kwenye maji yao. Aliponda pilipili. Alichanganya majivu na pumba. Kulikuwa na vidonge vilivyobaki mumewe alipong'olewa jino; akavivunja nusu nusu, akawatumbukizia kooni mmoja baada ya mwingine, amewabana kati ya magoti. Walimeza wakamtazama. Kesho yake wakafa wanne. Siku iliyofuata watano. Wengine shingo zilijipinda mpaka kichwa kikaangalia nyuma, wanazunguka papo hapo kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Bibi Harusi alikufa kwenye matope aliyokuwa akiyakwepa, na Mama Povu akamwosha kwanza kabla ya kumtia guniani, akijua kabisa kwamba ni kazi bure.

Hata kuwazika hakuwazika. Ua ulikuwa wa sakafu ya saruji, na kuchimba nje ni kujitangaza. Alingoja saa za mchana watu wakiwa makazini, akayabeba magunia mpaka jalalani, akayafukia juu juu kwa taka. Mbwa waliyatoa jioni ile ile. Aliwaona barabarani wakigombania bawa jeupe, akageuza uso, akaingia ndani.

"Vipi, Mama Povu, mbona siku hizi jogoo hawiki?" jirani alimuuliza juu ya ukuta.

"Nimemchinja," alijibu. "Kelele nyingi."

Kwa muda wa siku saba, kati ya kuku ishirini na wanne, akihesabiwa yule jogoo wa sokoni, walibaki saba. Watatu walikuwa wameshalala. Wanne walikuwa bado wamesimama, wanadonoa, macho yako wazi. Mama Povu alikaa juu ya karai lake la zamani alilolipindua, akawatazama wale wanne, na akili ya mtu aliyefikwa na maji ya shingo ikamletea wazo lililofanana sana na wema. Akiwaondoa pale, watapona. Wakipona, ataanza upya na hakuna atakayejua. Na wa kumwachia yuko mmoja tu.

Akawatia wanne kwenye tenga, akalifunika kwa khanga, akatembea zile nyumba sita.

Wifi alikuwa amekaa kibarazani akipanga mayai. Alipoona tenga alifurahi. "Leo umeniletea wageni?"

"Nihifadhie hawa wifi yangu. Banda linaingia maji, na seremala mwenyewe unajua yuko mbali. Ni siku chache tu."

"Na wengine?"

"Nimewauza. Nilipata mteja wa jumla."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Wifi hakuuliza zaidi. Alijiinua kwa fimbo, akafungua tenga, akawatoa mmoja mmoja akiwasemesha. Wa mwisho alimshika kidogo zaidi, akamgeuza kichwa kwenye mwanga.

"Huyu mbona anasinzia?"

"Amechoka na tenga," alisema Mama Povu.

"Maskini. Basi anywe maji akalale." Akafungua mlango wa banda lake, akawaingiza wote wanne katikati ya kuku wake kumi na saba.

Mama Povu alifungua mdomo. Alitaka kusema waweke peke yao. Neno dogo tu, lisingemgharimu hata kukiri. Angeweza kudai kwamba watapigana. Lakini lingezaa swali, na swali lingezaa lingine. Akaaga. Njiani alitembea haraka kama mtu anayefuatwa.

Wale watatu wa nyumbani walikufa kesho yake. Akafagia banda, akalimwagia maji ya moto, akakaa kusubiri. Siku tatu hakupita mbele ya nyumba ya wifi. Akitaka kwenda dukani alizunguka nyuma. Siku ya nne akapita, akasikia kuku wanalia kawaida, akaanza kupumua. Siku ya nane mtoto wa jirani akaleta ujumbe: wifi anakuita, uje upesi.

Alimkuta amekaa chini, kwenye vumbi, mguu wake mbovu ameunyoosha pembeni. Mapajani alikuwa na kuku mwenye shingo iliyojipinda, anamdondoshea maji kwa kijiko. Maji yalikuwa yanatokea upande wa pili wa mdomo. Nyuma yake, chini ya ukuta, aliwapanga waliokufa kwa mstari, amewafunika kwa gauni lake kuukuu.

"Wifi," alisema bila kuinua kichwa, "nisamehe."

Mama Povu hakuelewa. "Nikusamehe nini?"

"Wako ndio walioanza. Wote wanne. Uliniachia amana, nimeshindwa kuitunza." Machozi yalimtoka, yakadondoka juu ya manyoya. "Nilikuwa sithubutu kukuita. Nilisema labda hata mmoja atapona nikurudishie. Sina hata mmoja."

Ndugu zangu, kuna mapigo ya fimbo na kuna mapigo ya kuombwa msamaha na mtu uliyemwangamiza.  Mama Povu alichutama karibu naye, akashika lile bega lililokonda.  "Si kosa lako," alisema. Hiyo ndiyo kweli pekee aliyoweza, na ilikuwa nusu.

"Ni pumba," wifi akasema, akifuta uso. "Nimefikiria mpaka kichwa kimeniuma. Nilifungua gunia jipya siku ile ile uliyoleta wako. Yule mzee ametuuzia pumba zenye sumu."

Mzee wa Pumba alikuwa mtu wa mkokoteni, anapita kila Jumamosi, anauza pumba kwa kopo na kwa gunia. Mzee asiye na maneno mengi, kikohozi chake ndicho kilichokuwa tangazo lake. Mama Povu alimsikia wifi akimtaja, akanyamaza. Kunyamaza huko kukatosha. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unajua habari ya pumba zenye sumu, na kwa kuwa kuku walikuwa wameshaanza kufa kwenye nyumba nyingine mbili karibu na jalala, hakuna aliyeona sababu ya kubisha.

Jumamosi ikafika, na seremala akarudi kutoka ujenzini. Aliingia uani na mfuko wake wa vyombo vya kazi, akakuta banda tupu.

"Kuku wako wapi?"

"Wamekufa," mkewe alisema. "Na wa dada yako pia."

"Wote? Kimewapata nini?"

Alimtazama mumewe. Uso ulikuwa na vumbi la safari, macho yamemtoka. "Wanasema ni pumba," alijibu.

Seremala hakukaa hata kunywa maji wala kushusha mfuko wake. Alikwenda kwa dada yake, na alichokikuta kule kikamtia kichaa. Huyu dada alikuwa ameuza mayai kumnunulia daftari, ameuza mayai kumpeleka kujifunza useremala. Sasa alikuwa amekaa kibarazani, mikono mitupu mapajani, banda liko wazi na hamna kitu ndani. Hakuwa analia tena. Alimuuliza mdogo wake kama amekula.

Wakati huo huo kikohozi kikasikika mwanzoni mwa mtaa.

Majirani walimzunguka Mzee wa Pumba kabla hajashusha mikono ya mkokoteni. Mmoja akachana gunia, pumba zikamwagika barabarani. Mwingine akasukuma la pili kwenye mtaro. Mzee hakupigana. Aliokota kopo lake la kupimia, akalishika kifuani, akawa anarudia, "Jamani, nimewauzia na mitaa mingine pia. Kaulizeni huko. Kaulizeni." Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Seremala alikuja mbio na nyundo mkononi, amekusudia kuvunja gurudumu. Na mkokoteni bila gurudumu, kwa mtu wa umri ule, ni maisha yamekwisha.

Mama Povu alikuwa amesimama mlangoni kwa wifi, ameona yote. Aliiona nyundo ikipanda. Alikwenda akiwa hajui kama anakwenda, akaudaka mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili yenye makovu.

"Usivunje. Ni mimi."

"Toka, mke wangu."

"Ni mimi niliyewaua. Wangu walikuwa wanakufa kabla. Nilimletea dada yako wagonjwa nikijua."

Watu walinyamaza kwa zamu, wa mbele kwanza, kisha wa nyuma walipoulizana kimesemwa nini. Wifi alikuwa amejikokota mpaka ukingoni mwa kibaraza, ameegemea fimbo.

"Rudia," alisema.

Mama Povu akarudia. Akasema habari ya jogoo wa sokoni, ya magunia jalalani, ya mteja wa jumla ambaye hakuwepo. Alisema yote kwa mpigo, macho chini, maana alijua akitua hataweza kuanza tena.

"Siku ile nilikuuliza mbona huyu anasinzia," wifi alisema taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokuomba msamaha?"

"Nilikuwa najua, wifi."

Wifi alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Hakutukana. Aliangalia pumba zilizomwagika, akamwangalia Mzee wa Pumba. "Mzee, nimekusingizia," alimwambia. "Naomba radhi." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Bwana mifugo aliitwa saa ile ile, na mara hii mtaa mzima ulimwendea wenyewe. Alipasua kuku mmoja, akatazama, akasema ni kideri, hakuna shaka. Hakumsimanga mtu. Aliwaonyesha namna ya kuchoma mizoga na kuzika majivu kwenye shimo refu, na kuosha viatu na kufua nguo, kwa kuwa ugonjwa hata soli ya kiatu unaipanda. Zile nyumba tatu zilizochanjwa zamani hazikupoteza hata kifaranga. Nyumba za upande wa pili wa barabara, ambako ugonjwa ulikuwa haujavuka, zilichanjwa jioni ile, na nyingi zikasalimika. Bwana mifugo alisema maneno ya Mama Povu yamewahi kuokoa upande ule. Alisema pia, alipoulizwa, kwamba yangetoka wiki mbili kabla, yangeokoa na upande huu.

Lakini banda la wifi lilikuwa limekwisha, na bwana mifugo alitaka likae bila kuku miezi kadhaa. Mtu mwenye mguu mmoja mzima na bila mayai ya kuuza hana miezi kadhaa. Mwisho wa mwezi ule ndugu zake wa mbali walimwita akaishi nao. Seremala ndiye aliyembebea mizigo mpaka stendi. Mama Povu alisimama kando ya njia akiwa na kifurushi cha chakula cha safari. Wifi alipita, akakipokea, maana hakuwa mtu wa kudharau chakula, lakini hakumtazama usoni. Nyumba yake ilifungwa kufuli.

Mzee wa Pumba hakuingia tena mtaa ule. Walimtumia watu wa kumwomba radhi, wakamchangia magunia mengine. Alipokea, akashukuru, na Jumamosi iliyofuata akapita mtaa wa pili. Leo wao ndio wanaomfuata huko na vikapu vyao.

Na nyumbani kwa Mama Povu? Mumewe hakumpiga wala hakumfukuza. Alihama kwa namna nyingine: Jumamosi zake zikawa chache, na akija anakula kimya, anatengeneza kilichovunjika, anaondoka. Zaidi ya mara moja mkewe alimkuta amesimama mbele ya lile banda tupu, mkono juu ya bawaba ya tairi, anafungua na kufunga. Miezi mingi ikapita hivyo. Mama Povu naye akaanza kumsaidia bwana mifugo mlango kwa mlango kila msimu wa chanjo, akiwashikia watu kuku wao, na wengine walikuwa wanamsema mbele yake. Alivumilia.

Siku moja mumewe alipokuwa anakwenda kumwona dada yake, Mama Povu alimfuata mpaka getini. "Mwambie sijasahau," alisema. "Mwambie hata asiponisamehe, najua nilichofanya, na sitamdanganya mtu tena."

Seremala alikaa kule siku mbili. Aliporudi, alivua viatu, akakaa, akaomba chai. Mama Povu akamletea, akasimama.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Mumewe alipuliza chai muda mrefu. "Amesema, mwambie nimesikia."

Mama Povu alisubiri labda kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akachukua birika, akaenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalia mpaka chai ya mezani ikapoa.

FUNZO LA KISA HIKI

Ndugu zangu, kideri hakikuanzia kwa mwanamke huyu, na kuku kufa si dhambi. Dhambi yake ilikuwa kuficha. Alificha kwa aibu ya siku moja, na aibu hiyo ikala banda lake, ikala la wifi yake, ikataka kumla mzee asiye na hatia, na mpaka leo haijamaliza kula ndoa yake. Wangapi kati yetu tumewahi kuuza kuku anayesinzia, au kumpelekea ndugu, tukisema amechoka na safari?

Basi chanjeni kuku wakiwa wazima, wala msisikilize maneno ya barazani kuhusu matone ya jicho. Kuku mgeni mtengeni peke yake wiki mbili au zaidi kabla hajakutana na wenyeji. Anayekufa achomwe au azikwe kwa kina, asitupwe jalalani. Kabla ya kumtuhumu mtu kwa sumu, ulizeni kwanza. Na banda lako likiingiwa na ugonjwa, toka mlangoni siku hiyo hiyo uwaambie majirani, hata kama uso umekuiva kwa haya. Ukingoja kesho, utakuwa unawaletea habari za kuku wao wenyewe.